Kura ya Senti Tano

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilinifanya nichukiwe na soko zima. Nilikuwa karani wa ushuru kwenye kijisoko chetu cha upande wa Temeke, kati ya Keko na Mtoni, miaka ile ya mwanzo ya ujamaa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili mwenye kitabu cha risiti, peni iliyochomekwa kwenye kilemba, na sauti ambayo mama yangu aliwaambia watu kwamba nimeirithi kwa baba. Nikitokea mwanzo wa safu ya nyanya, wa mwisho kwenye safu ya samaki alikwisha jua. Wengine walikumbuka ghafla kwamba wana haja ya kwenda msalani, na msala wenyewe haukuwepo.

Mie sikujali. Niliipenda ile kazi. Nilijua nani kaleta mihogo kutoka Mbagala na nani kaichukua kwa mwenzake. Nilijua nani mgonjwa kwa kuona meza yake tupu. Na kwa kuwa nilianza mapema, kabla wateja hawajafika, nilijua jambo ambalo wengi walijifanya hawalijui: soko letu lilikuwa na watu wanaolala humo. Walikuwa saba au wanane, kutegemea msimu. Walitandika magunia juu ya meza za watu, na jua likitoka walikunja, wakafagia, wakatoweka kati ya wachukuzi kana kwamba nao wametoka makwao.

Niliyemzoea zaidi ni mzee mmoja wa Kinyamwezi, ambaye wote tulimwita Mpishi. Aliwapikia Wazungu kule Uzunguni kwa miaka mingi. Baada ya Uhuru bwana wake alifunga mizigo akaenda zake, na nyumba akapewa mkubwa wa serikali aliyekuja na mpishi wake mwenyewe. Chumba cha uani alichokuwa akilala mzee kilikwenda pamoja na kazi. Akawa mchukuzi sokoni kwetu, akibeba vikapu vya wateja hadi kituo cha basi. Shati lake lilikuwa moja, lakini alilifua kila Jumapili na kulipiga pasi ya mkaa kwa fundi cherehani.

Mama yangu alikuwa akiuza vitumbua kwenye lango la soko. Sie ni Wazaramo, na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, kwa hiyo asubuhi yao haikukamilika bila matusi.

"We Mnyamwezi, leo umelalia meza ya nani?"

"Ya Mzaramo. Nilijua hana haja nayo mpaka jua limchome makalio."

Mama alicheka mpaka kijiko kikamponyoka. Kisha alimpa vitumbua viwili, na yeye akavila akiwa amesimama wima, mkono mmoja nyuma, kama mtu anayehudumia meza ya wageni.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Siku moja niliingia sokoni kukiwa kumepambazuka, matope hadi kwenye vifundo vya miguu, nikamwona Mpishi amesimama pembeni mwa meza ya mihogo. Alikuwa ameshika gunia kwa mikono miwili, amelinyoosha juu kama turubai, na maji yalikuwa yakimtiririka kwapani. Niliposogea nikasikia mtoto analia chini ya meza.

"Kamwite mama yako," aliniambia bila kugeuka. "Kimbia."

Chini ya meza alikuwapo mwanamke mdogo kuliko mimi, aliyejifungua muda mfupi tu uliopita. Mama alikuja mbio, mikono bado na unga wa mchele. Alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa mtaa wetu, hakuuliza swali. Aliagiza maji ya moto kwa muuza chai, wembe mpya dukani, kisha akavua khanga yake ya juu akamfunga mtoto. Muda wote huo Mpishi hakushusha lile gunia. Mama alipomaliza ndipo alipomwambia, "Shusha mikono, mtani, mvua imekwisha," nasi tukaona kwamba kweli imekwisha zamani.

Yule mwanamke alikuwa mjane. Mumewe, kuli wa bandarini, alifariki mimba ikiwa na miezi minne, na ndugu wa mume wakaja kuchukua kitanda, baiskeli, na mwishowe ufunguo wa chumba. Alikuwa amelala sokoni wiki tatu. Nilimpita kila siku nikiwa na kitabu changu nisimwone, kwa kuwa hakuwa na meza ya kutozwa.

Mama alimchukua nyumbani. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili, na yeye na mwanawe walipewa kitanda changu. Mie nikalala mkekani. Sikulalamika, lakini nililala chali nikitazama makuti na kufikiri. Huyu amepata kitanda. Je, wale saba?

Kulikuwa na jambo jingine lililonisukuma. Mwenyekiti wa tawi letu la chama, mzee aliyewahi kufanya kazi bandarini, alikuwa ametangaza kwamba mjini askari wameanza kupita na lori wakikamata watu wasio na kazi wala makazi na kuwapeleka mashamba. Anayeweza kuonyesha barua ya balozi wake wa nyumba kumi anaachwa. Sasa Mpishi angeandikiwa barua na balozi wa nyumba zipi? Alikuwa hana hata moja, acha kumi.

Nikaenda kwa mwenyekiti, nikamwamkia shikamoo, nikamwambia wazo langu. Mteja yeyote wa soko letu anayenunua kitu cha shilingi moja au zaidi aongeze senti tano. Fedha hiyo ijenge nyumba ya vyumba vinne kwenye kile kiwanja cha tawi kilicholala bure nyuma ya soko, kwa ajili ya wasio na pa kulala. Itakayobaki ivute bomba la maji. Wakazi wa mtaa na wauzaji wapige kura.

Alinitazama. "Wewe ndiye wanayekukimbia ukidai ushuru uliopo. Leo unataka mwingine?"

"Ndiyo, mzee. Ndiyo maana nataka waukubali wenyewe kwanza."

Alikwenda kuuliza kwa katibu kata, akarudi na jibu: wananchi wakiamua wenyewe, wao hawana pingamizi. Mkutano ukaitishwa Jumamosi alasiri.

Nilikwenda mkutanoni nikiwa na hakika ya ushindi, maana mtoto aliyezaliwa chini ya meza ya mihogo alikuwa gumzo la mtaa mzima. Nilieleza vizuri. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Kisha akasimama muuza samaki mmoja, mtu mrefu mwenye meza kubwa kuliko zote, ambaye wauzaji wenzake walimsikiliza.

"Ndugu mwenyekiti, mimi nina swali moja tu kwa bibi karani. Mwaka juzi tulichangishwa kila mtu shilingi yake ya choo. Choo kiko wapi?"

Watu walilipuka kwa kicheko, kisha kicheko kikageuka kelele. "Choo! Tuonyeshwe choo!" Mwenyekiti alipiga meza. Mie nilibaki nimesimama, uso unawaka, kwa sababu zile risiti za choo nilizikata mimi. Ningeweza kusema kwamba fedha niliikabidhi kama nilivyoagizwa, na ingekuwa kweli. Badala yake nikasema:

"Choo hakipo. Risiti nilikata mie, na sikuuliza tena. Hilo ni kosa langu."

Kelele zilipungua. Nadhani walikuwa wamejiandaa kwa kila jibu isipokuwa hilo. Muuza samaki mwenyewe alikaa polepole. Mwenyekiti aliahirisha mkutano kwa wiki mbili.

Nyumbani nilitegemea kupata faraja kwa mama. Alikuwa akipepeta mchele uani, mjane yule ananyonyesha pembeni.

"Nami sikubaliani nawe," mama alisema. "Na si kwa ajili ya choo."

"Kwa nini, mama? Wewe ndiye uliyemleta huyu hapa."

"Ndiyo hiyo sababu. Mimi nimemleta kwa kuwa sikuwa na pa kumwelekeza. Leo kila mtu akishatoa senti tano yake atasema amemaliza. Mtu akibisha hodi na mvua inanyesha, ataambiwa nenda kwenye nyumba ya senti tano. Milango itafungwa, mwanangu."

"Milango imekwisha fungwa, mama. Saba wako sokoni sasa hivi. Nani kawafungulia?"

Aliendelea kupepeta. "Halafu vitumbua vyangu ni senti kumi kimoja. Mtu atanunua tisa aende zake, arudi tena anunue tisa. Nitachoka mimi."

Mjane alianza kucheka, nami nikacheka, na mama akacheka huku amekasirika. Lakini maneno yake ya kwanza yaliniingia. Hadi leo nina nusu tu ya jibu.

Zile wiki mbili sikukaa. Nilifuatilia fedha ya choo ofisi kwa ofisi, viatu mkononi kwa ajili ya matope, mpaka nikaambiwa waziwazi na karani mwenzangu kwamba ilichanganywa na fungu jingine na kutumika penginepo. Haikuibwa. Ilipotea kwa adabu, ikiwa na mihuri yote. Nikaelewa kosa letu: tuliipeleka mbali na macho yetu. Nikarudi kwa mwenyekiti na masharti matatu. Fedha ikae kwenye sanduku ndani ya tawi letu. Isomwe kwa sauti sokoni kila Jumamosi. Na baada ya mwaka mmoja ushuru ufe wenyewe, isipokuwa watu waufufue kwa kura nyingine.

Kisha nikaenda kwenye meza ya samaki. Muuza samaki alikuwa akiparua changu, magamba yanaruka.

"Leo ushuru nimekwisha lipa," alisema.

"Sijaja kwa ushuru. Nataka ufunguo wa sanduku ukae kwako."

Kisu kilisimama. "Mimi ninayepinga?"

"Wewe. Anayeunga mkono atalegea. Wewe hutalegea."

Alinitazama, akatazama samaki, akanitazama tena. "Kura yangu itakuwa hapana. Usije ukasema umeninunua."

"Kura yako ni yako."

"Basi ufunguo lete."

Siku ya kura tuliweka mtungi ndani ya ofisi ya tawi, nyuma ya khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo kila mpiga kura alipewa punje ya hindi na punje ya haragwe. Hindi ni ndiyo, haragwe ni hapana. Ile isiyotakiwa unaitupa kwenye ndoo iliyofunikwa. Mstari ulitoka mlangoni ukapinda hadi kwenye meza za mkaa. Wanawake walikuja na watoto mgongoni, mafundi wakaja na mbao za vinyago zikiwa bado mikononi, na mchoma mihogo akaja na koleo lake kwa kuwa hakumwamini mtu wa kumwachia.

Mpishi naye alikuja, shati limenyooshwa. Alipofika mlangoni, mtu mmoja nyuma akapaza sauti:

"Huyu hana nyumba. Kura ni ya wakazi. Anapiga kura ya wapi?"

Kanuni ilisema wakazi na wauzaji, na niliiandika mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Mpishi hakuwa muuzaji. Mwenyekiti aliniangalia, nami nikatazama karatasi nikitafuta neno la kumwokoa, na sikuliona. Mpishi alikwisha geuka kuondoka. Aligeuka kwa heshima, kama mtu aliyezoea kutolewa vyumbani.

Ndipo mama yangu alipotoka kwenye mstari.

"Rudi hapa, Mnyamwezi, sijamaliza nawe!" Kisha akawageukia watu. "Nyie mnaosema si mkazi. Nani kati yenu yuko sokoni hapa usiku na mchana? Nani anafagia kabla hamjaja? Mvua ikinyesha usiku, nani anafunika mkaa wenu? Nyie mnakuja asubuhi, jioni mnaondoka. Kama kuna mkazi wa soko hili ni huyu, na nyie wote ni wageni wake!"

Kicheko kilianza mbele kikaenda mpaka mwisho wa mstari. Yule aliyepaza sauti akacheka pia, maana hakuwa na pa kujificha. Mwenyekiti akasema, "Mkazi apite." Mpishi alichukua punje zake mbili, akainama kidogo mbele ya mama yangu, akaingia nyuma ya khanga. Mie nilijikaza nisilie mbele ya watu wanaonijua kwa ukali.

Tulimwaga mtungi juu ya mkeka, watu wote wakiona. Muuza samaki alihesabu mahindi na mie nikahesabu maharage, kila mmoja akichunga mikono ya mwenzake. Mahindi yalizidi kwa punje kumi na tisa. Mwenyekiti alitangaza, wengine wakapiga vigelegele, wengine wakaenda zao wakinung'unika kuhusu choo.

Njiani kurudi nyumbani nilimshika mama mkono. "Asante, mama. Nilijua utabadilika."

"Nimebadilika nini? Nilitia haragwe."

Nikasimama katikati ya njia.

"Nilitia haragwe," akarudia, bila aibu hata chembe. "Lakini yule mzee ana haki ya kutia hindi lake. Twende, mtoto analia kule."

Na Jumatatu, mkebe wa senti tano wa kwanza kuwekwa mezani sokoni ulikuwa kwenye meza ya mama. Mtu aliyenunua vitumbua tisa akidhani ni mjanja, mama alimwongezea cha kumi kwa lazima.

Nyumba tuliijenga kwa nguvu zetu siku za Jumapili. Fedha ilinunua mabati, misumari na saruji ya sakafu. Miti, udongo na mikono ilikuwa yetu. Kila Jumamosi muuza samaki alipanda juu ya kreti, akafungua sanduku, akasoma kilichomo na kilichotoka kwa sauti ile ile aliyokuwa akinadia samaki wake. Mara moja mwenyekiti alitaka kuazima kidogo kwa ajili ya wageni wa tawi. Muuza samaki aliuweka ufunguo mfukoni, akamuuliza kama anataka changu au kibua.

Lori lilikuja wakati bati la mwisho halijapigiliwa. Askari wawili walishuka, wakaanza na wachukuzi. Nilikimbia kutoka safu ya nyanya, lakini nilipofika Mpishi alikuwa amekwisha toa barua kutoka mfuko wa shati, imekunjwa mara nne. Balozi alikuwa ameiandika, na nyingine kama hiyo kwa kila mmoja wa wenzake, asubuhi ile kuta ziliposimama: huyu ni mkazi wa nyumba ya wananchi, nyuma ya soko. Askari aliisoma, akaitazama nyumba isiyo na milango.

"Hii ndiyo nyumba?"

"Ndiyo, bwana mkubwa," alisema Mpishi. "Karibu ndani. Mlango unakuja."

Askari alicheka, akamrudishia barua. Siku ile hawakuchukua hata mmoja wa watu wetu.

Sitasema kila kitu kilikwenda sawa. Watu wanane katika vyumba vinne walikuwa na ugomvi wa watu wanane. Mmoja alikunywa pombe ya mnazi akavunja dirisha. Mwingine aliondoka na blanketi tatu hatukumwona tena. Mpishi alijitangaza msimamizi bila kuulizwa, akaweka sheria ya kunawa kabla ya kula, na wengine wakamchukia. Bomba la maji lilichelewa miezi mitano. Na mara mbili nilisikia kwa masikio yangu mtu akimwambia mwenye shida mlangoni kwake, "Nenda kule kwenye nyumba ya senti tano." Mama naye alisikia. Akanitazama.

Mjane na mwanawe hawakuhamia huko. Walikaa kwetu miaka minne, na mie nikapata kitanda kingine.

Mwaka ulipokwisha tulipiga kura tena, kama tulivyoahidi. Safari hii nilisimama nikasoma mambo yote: nyumba, bomba, dirisha lililovunjika, blanketi tatu. Watu walikuwa wakichota maji huku wakinisikiliza. Mahindi yalizidi kwa punje nyingi sana hata muuza samaki akachoka kuhesabu, akaniomba nimalizie.

Muda mfupi baadaye nilipandishwa cheo nikahamishiwa soko jingine, upande wa Kinondoni, mbali na kila anayenijua. Wiki ya kwanza kulikuwa na mkutano wa wauzaji. Mwenyekiti wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alieleza kwamba mvua zinakuja na kuna familia mbili zinalala chini ya mti wa kituo cha basi, akauliza kama kuna mwenye wazo. Watu walitazama miguu yao. Nilikuwa sijamfahamu hata mmoja mle ndani, wala hakuna aliyenifahamu. Nikanyoosha mkono, nikasimama.